Shosho Aliyetoa Pesa Kila Siku na Hakushuka Melini

Siku kumi na moja mfululizo nilimsukuma shosho mmoja, bibi mzee kabisa, kwa kiti cha magurudumu mpaka kwa mashine ya pesa.

Kila siku alitoa dola mia mbili. Kila siku alisema ni pesa za matumizi.

Sasa niambie, matumizi gani? Hakuwahi kushuka melini hata siku moja.

Hiki kisa kimenikaa kifuani miaka minne. Leo nakitoa. Mtakaotaka kunitukana mtatukana mkimaliza kusoma, na sitawajibu.

Naitwa Makandi, kwetu ni Nkubu, Umeruni. Nilikuwa nafanya kazi ya vyumba kwa meli kubwa ya watalii. Kutandika vitanda, kusugua vyoo, kukunja taulo zikae kama bata. Vyumba kumi na nane kila siku, miezi tisa bila hata siku moja ya kupumzika.

Mtoto wangu Kiende nilimwachia mamangu akiwa hajamaliza miaka miwili. Wakati wa kisa hiki alikuwa na minne.

Nikipiga simu anaambiwa, "Ongea na mama." Anamwangalia mamangu.

Hiyo ndiyo ilikuwa inanimaliza. Nilikuwa na ndoto moja tu, kukodi chumba pale soko ya Nkubu, niweke cherehani tatu, nishonee wanafunzi yunifomu na nilale nyumba moja na mtoto wangu. Kila mkataba nilisema huu ndio wa mwisho. Pesa ilikuwa haitoshi, narudi tena.

Wacha niwaelezee mambo ya pesa kwa meli, maana wengi hamjui.

Mle ndani noti huioni. Mgeni akipanda anapewa kadi ya chumba. Soda ni kadi, picha ni kadi, kukandwa mgongo ni kadi, atalipa yote siku ya mwisho. Noti ni za wale wanaoshuka bandarini, wapande teksi, wanunue vikapu, watupie dereva kitu kidogo.

Ndiyo maana kuna mashine ya pesa orofa ya tano, karibu na duka la marashi. Na hiyo mashine ni mwizi, inakata dola sita kila ukitoa. Wageni wajanja hutoa mara moja wakamaliza.

Shosho alitoa kila siku.

Jina lake lilikuwa Hilde. Siku ya kwanza nimeingia chumba 6114 na ndoo yangu, akaangalia kibandiko cha jina kifuani. Meli yetu huandika jina na nchi.

"Muga, Makandi," akasema.

Taulo zilinianguka. Mzungu wa miaka themanini na kitu, katikati ya bahari, ananisalimia Kimeru.

Kumbe alikuwa nesi huko kwetu baada ya Uhuru, mpaka mwaka wa sabini na nne. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, cha kumaliza kila neno.

"Nimezalisha watoto wengi sana huko," akaniambia. "Labda hata baba yako nilimpiga kofi la matako."

"Na ungempiga mawili, Shosho. Alitusumbua sana huyo."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukawa marafiki hapo hapo.

Alikuwa anapenda kunichokoza kuhusu kina mama wa kwetu. Alisema akiuliza kadi ya kliniki, analetewa mkebe wa majani ya chai. Kadi iko ndani, cheti cha ubatizo kiko ndani, karatasi ya shamba iko ndani, zote zinanukia chai.

"Na shosho yako, naye aliweka wapi karatasi zake?"

"Kwa mkebe," nikasema. "Angeweka wapi tena?"

Hapo kwa mkebe, tafadhali mpashike.

Nilikuwa na kiondo changu cha katani, shosho yangu alinisukia kabla hajafa. Nikampa Hilde aweke miwani na dawa akiwa kwa kiti. Jioni ananirudishia.

Na huyu mama alikuwa anajua desturi zetu. Kwetu kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Kila jioni kulikuwa na kitu ndani, tofaa, sabuni, peremende. Asubuhi nami nampelekea kikiwa na mandazi ya jikoni kwa wafanyakazi. Na ukirudishiwa, huchungulii mbele ya aliyekupa. Unasema asante, unabeba, unaangalia ukifika kwako. Mimi hiyo nilifundishwa kwa kufinywa, na mpaka leo siwezi kufanya vingine.

Alikuwa amesafiri na mwanawe, mwanamume wa miaka hamsini hivi, chumba chake kilikuwa juu. Huyo alikuja mara moja kwa siku, simu mkononi. Simu ilikuwa inamwonyesha akaunti ya mamake.

"Mama, umetoa pesa tena?"

"Pesa za matumizi."

"Unanunua nini?"

"Vitu vya wanawake."

Akitoka, Shosho ananikonyezea jicho. Mimi nilidhani ni uzee tu.

Mara nyingi aliniuliza habari za Kiende. Nilimwambia yote, mpaka bei ya cherehani.

Mtu wa tatu ni Nthiga. Huyu alikuwa kijana wa Karurumo, Mwembu, alifanya kazi ya kufua nguo huko chini kabisa ambako joto linakukausha mate. Ndiye mtu pekee wa upande wetu wa mlima kwa hiyo meli.

"Nyinyi Wameru," alikuwa akisema, "ukikanyagwa mguu lazima dunia yote ijue."

Ni kweli. Mimi mdomo wangu ninaujua. Niliwahi kumkaripia msimamizi mbele ya watu kwa sababu ya sabuni. Kumbukeni hilo pia.

Siku ya kumi na moja jioni Shosho akanirudishia kiondo. Kilikuwa kizito.

"Kesho usikilete," akasema. "Utaangalia ukitulia."

"Asante, Shosho."

Nikakiweka kitandani mwangu, nikarudi kumalizia vyumba. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilikisukuma na mguu nikalala. Sikuangalia.

Asubuhi nikampelekea chai. Nikabisha, kimya. Nikafungua.

Alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, baridi.

Daktari alikuja, akasema ni moyo. Mwanawe alilia, na alilia kweli, sitamsingizia. Lakini kufika saa sita alikuwa ameshapekua chumba chote. Mamake ametoa zaidi ya dola elfu mbili, na hakuna hata noti moja.

Nani huingia hiki chumba?

Nilishuka kwangu mbio. Nikatia mkono kwenye kiondo. Kulikuwa na mkebe wa majani ya chai, umefungwa kwa gundi ya karatasi kama mpya. Chini yake kulikuwa na soksi ya kijivu, nzito. Nikaifungua kidogo.

Dola. Zote.

Kwa meli yetu, mgeni akikupa pesa nyingi lazima aandike karatasi, uipeleke ofisini siku hiyo hiyo. Mimi sikuwa na karatasi, na aliyenipa amekufa. Nani angeniamini? Niliona jela. Niliona Kiende akikua bila kunijua kabisa.

Sikufikiria zaidi ya hapo. Nilikimbia na kiondo mpaka kwa mashine za kufulia.

"Nthiga, nishikie hii."

"Ni nini?"

"Nishikie tu. Nitakuambia baadaye."

Aliniangalia, akafuta jasho, akakichukua. Hakuuliza tena. Alikifungia kwa kabati lake la nguo.

Chumba changu kilipekuliwa cha kwanza. Hawakupata kitu. Saa nane wakashuka kwa wafuaji.

Tulipangwa sote kwenye korido. Kiondo changu kilikuwa juu ya meza, soksi kando yake. Mkuu wa walinzi aliutikisa ule mkebe, akasikia majani, akaurudisha ndani.

"Hii ni ya nani?"

Nthiga aliniangalia. Hakuniangalia vibaya. Alikuwa ananingoja tu.

Na mimi, mtu wa mdomo, niliyegombana kwa sababu ya sabuni, niliangalia viatu vyangu.

Sijui ni sekunde ngapi zilipita. Najua nilihesabu matundu ya kamba za viatu, yalikuwa manane kila upande.

"Ni yangu," Nthiga akasema.

Walimshusha bandari iliyofuata akiwa na pingu, dola zikarudi kwa mwana wa Shosho, kiondo kikaenda na mizigo yake Nthiga. Mimi nilirudi kazini, nikamaliza vyumba vyangu kumi na nane. 6114 kilikuwa kimojawapo. Nilitandika kile kitanda.

Nthiga alikaa jela ya nchi ya watu miezi saba, kisha akafukuzwa nchi akiwa na kifua kibovu. Hayo niliyasikia kwa wengine. Sikuwahi kumpigia. Namba yake nilikuwa nayo.

Miaka minne zaidi niliendelea na meli. Nilikuja likizo mara tatu, na mara zote gari likipita Karurumo nilijifanya nimelala. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, naye nitamponza kwa kudanganya. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa mwoga, basi.

Mwaka huu niliacha kazi. Wiki ya pili nyumbani nikasikia Nthiga alizikwa zamani. Ni kile kifua.

Nikaenda Karurumo.

Mamake anaitwa Karimi. Nilimkuta akipepeta maharagwe nje ya nyumba. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakatoroka.

"Shikamoo, mama. Mimi ni..."

"Wewe ni wa Nkubu," akasema. "Mama Kiende. Kaa."

Aliniletea chai. Hakuniuliza chochote. Tukaongea juu ya mvua. Kila nikitaka kuanza, ananiongezea chai.

Nilipoinuka kuondoka aliingia ndani, akatoka na kiondo changu.

"Nthiga aliniambia ni cha msichana wa Nkubu. Akasema ukija nikurudishie." Akanipa mkononi. "Na nisikurudishie kitupu."

Kilikuwa kimejaa maharagwe.

Sikuchungulia. Nilisema asante, nikabeba, nikaenda zangu. Hata hapo sikusema.

Nyumbani nilimwaga maharagwe kwenye sinia. Ukaanguka mkebe wa majani ya chai. Gundi ilikuwa vile vile, haijaguswa. Kitu si chao, hawakukifungua.

Niliufungua mimi. Juu ya majani kulikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne.

"Makandi, muga. Pesa zilizo katika soksi ni zako. Mwanangu huniangalia akaunti, kwa hiyo nilitoa kidogo kidogo nikasema ni za matumizi. Sikusema uongo. Zitumie kurudi nyumbani na kununua cherehani. Karatasi hii ipeleke ofisini, nimetia sahihi na namba ya chumba. Nimeiweka mahali ambapo shosho yako angeiweka. Usipande meli tena. Kiende hatabaki mdogo akikungoja. Hilde, 6114."

Nilikaa chini kwa sakafu.

Ilikuwa pale juu ya meza siku ile, mbele yetu sote. Ningesema tu kiondo ni changu, nimepewa, wangeniuliza nithibitishe, tungepekua, tungefungua. Dakika tano zingetosha. Nthiga angerudi kwa mashine zake, na mimi kwa mtoto wangu mwezi huo huo. Kiende sasa ana miaka minane na ananiita Makandi.

Kesho yake nilirudi Karurumo. Nilimsomea Karimi ile barua yote, kisha nikamwambia yaliyobaki, pamoja na viatu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mtoto wangu hakuwa mwizi."

"Hapana, mama. Alikuwa ananishikia tu."

"Nilijua. Lakini nilikuwa najua peke yangu." Akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. "Siku ya kumzika walikuja watu tisa. Waliobaki walisema hawazikani na mwizi."

Nikainama nikamsaidia kutoa mawe.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Utakuja kanisani kwetu, utasimama mbele, utasema hivyo ulivyoniambia."

Nilienda na nikasimama. Nilisema mimi ni nani, kiondo ni cha nani, na nani alinyamaza. Hakuna aliyenipigia makofi. Mzee mmoja aliinuka akatoka nje. Nilipomaliza, Karimi alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi nikae. Sikustahili, lakini nilikaa.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, kama kuna mtu amekushikia kosa lako na wewe umenyamaza, mpigie simu leo. Usingoje uwe na maneno mazuri. Mimi nilingoja, na niliyetaka kumwambia sasa namwambia kaburini.

Kiondo niko nacho. Kesho kinarudi kwa Karimi, na bado sijui nitaweka nini ndani.