Kuliko Inayokaa Nyuma

Mwanawe alipooa binti Mkorea, Mama Mikate aliapa kuwa yeye na mkwe mwenzake, mama wa binti, hawatatazamana kwenye simu kama mabubu wawili. Akajiandikisha darasa la jioni la Kikorea. Aliingia na unga kwenye nyusi, moja kwa moja kutoka kwenye tanuri lake, akakaa mbele kabisa, katikati ya vijana.

Siku hiyo walifundishwa kulinganisha. "Boda ndiyo kuliko yao," mwalimu alisema, "ila..."

Mama Mikate hakungoja ila. Lililompeleka alishalipata. Alikanda unga huku akikariri: ttal, binti, adeul, mwana, ttokttokhaeyo, ana akili. Alitaka kumpa mkwe mwenzake maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni: binti yako ana akili kuliko mwanangu.

Jumapili wakapiga simu ya video. Mkamwana alikuwa amekwenda kwao, ameketi ubavuni mwa mama yake. Mama Mikate akajikohoza, akasema kwa sauti ileile anayouzia mikate: "Ttal boda adeul ttokttokhaeyo."

Mwanawe, aliyekuwa pembeni yake, akashika kichwa.

"Mama, umesema mimi nina akili kuliko mke wangu."

"Nimesema binti kuliko mwana. Boda si nimeitia?"

"Umeitia, lakini kwao inakaa nyuma ya anayeshindwa. Umeibandika kwa binti wa watu."

Uso ukamwiva Mama Mikate kuliko mkate uliosahaulika tanurini. Kabla hajapata pa kuuficha, mkwe mwenzake akasogelea simu, akatamka polepole kama anayemlisha mtoto uji: "Adeul boda ttal keoyo."

Mama Mikate akaielewa yote, bila mkalimani. Binti ni mrefu kuliko mwana. Na ni kweli tupu. Kwenye picha ya harusi bwana harusi alipandishwa kwenye ngazi.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Kisha akajibu, na safari hii kwa kukusudia: "Ttal boda adeul manhi meogeoyo." Mwana anakula sana kuliko binti.

"Mama, basi," mwanawe akasema.

Nani alimsikiliza? Akina mama wale waliwapima watoto wao kwa urefu, kwa uvivu, kwa usingizi, hadi mkamwana akanyanyuka kwenda kupika na mwana akajifanya ana kiu.

Siku ya darasa Mama Mikate aliwahi kuliko mwalimu. Alitaka kujua kukoroma kwa Kikorea kunaitwaje.