Jina la Baba Mkwe

Wanajeshi wa nchi mbili walirushiana risasi mpakani, mume wangu akanasa upande wa pili. Alikuwa dereva wa lori, alikuwa amepeleka viazi. Kosa lake? Hakuna. Mpaka ulifungwa, kila nchi ikakamata watu wa mwenzake waliokuwa ndani, na mimi nikabaki Mbalizi kwenye chumba cha kupanga, nasikiliza redio ya jirani ikilaumu upande wa pili.

Wiki tatu sikuongea na mtu zaidi ya salamu. Majirani walikuwa Wasafwa, watu wema tu, lakini wakishaanza Kisafwa chao nabaki kutabasamu kama mjinga. Upweke ule jamani, usiombe. Mchana nilikuwa naenda kusimama barabarani, nayaangalia malori ya watu wengine.

Kisha tukasikia wajumbe wa nchi zote mbili wanakutana Mbeya mjini. Siku ya pili wakakubaliana: kila nchi irudishe watu wa mwenzake, kwa orodha. Jamaa zao waende ofisi ya wilaya kuandikisha majina kabla ya saa nane. Baada ya hapo orodha inavuka mpaka.

Karani alikuwa Mhehe, kijana wa Kihesa kule Iringa, maneno mengi.

"Mama, jina la mumeo?"

Nikalitaja.

"La baba yake?"

Nikajiziba mdomo kwa khanga.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wala halitamki jina lake. Tukikutana njiani, najitupa kwenye migomba mpaka apite. Miaka minne ya ndoa, jina lile lilikuwa halijapita mdomoni mwangu. Na kuandika nilikuwa bado sijajifunza.

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulisema. Andika tu, wa Mbalizi."

Akacheka. "Wenye jina la mumeo nimeshaandika watatu. Sasa ng'ambo watajuaje wa kwako ni yupi? Sikufukuzi, mama, lakini bila jina la baba simwandiki."

Nikatoka. Nilizunguka soko zima nikitafuta mtu yeyote wa kwao mume wangu anisemee lile jina. Sikumpata. Saa nane ikakaribia, na hasira zikanipanda: kwa wanajeshi, kwa karani, hata kwa yule mzee ambaye hajawahi kunikosea lolote. Nikarudi mbio. Nikafumba macho, nikalitaja.

"Hilo tu?" karani akasema. Halafu akalipaza kwa mpiga chapa aliyekuwa chumba cha pili, mara mbili, ofisi nzima isikie. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nilipogeuka, mlangoni alikuwa ndiyo kwanza anaingia mama muuza ndizi wa kijijini kwao mume wangu. Angewahi dakika tano tu! Alinitazama, akaguna, akapita.

Mume wangu alirudishwa baada ya siku tano. Walishushwa Tukuyu, karibu na kijijini kwao, kwa hiyo alipita kwanza huko. Alipoingia chumbani, amekonda, ndevu zimemjaa, nililia kwa sauti. Nikamwekea maji ya kuoga, nikampakulia chakula. Hakula.

"Ni kweli ulimtaja baba mbele za watu?"

"Kweli. Ndiyo maana umekaa hapo."

"Mama anasema yeye hali tena chakula cha mkononi mwako." Akaisogeza sahani pembeni. "Bora ungeniacha kule kule."

Yaani mimi!

"Mpaka wameshafungua," nikamwambia. "Nenda basi!"

Alichukua koti lake akatoka. Nilidhani anakwenda kupunga upepo, hasira zimtoke. Kesho yake nikasikia yuko kwa mama yake, na wiki zikapita, hakurudi. Nilitaka sana kumfuata, nimpigie magoti, tugombane, yaishe. Nisingeweza. Uani pale, kutwa nzima, alikaa baba yake.