Anturio ya Mama Yake Ofelia

Hapa kwetu Quindío, kwenye vilima vya kahawa, hatuombani mimea, tunaibiana. Mmea wa kuomba hukauka, wa kuiba hushika; ndivyo walivyosema bibi zetu na hakuna aliyethubutu kuwabishia. Lakini wizi wetu una adabu zake, jamani. Unakwenda kumtembelea mwenye maua, unaketi barazani, unasema, "Kahawa ya nyumba hii haina mfano." Mwenye nyumba anaelewa. Anaingia jikoni, anakawia makusudi, nawe unachomoa chipukizi moja, moja tu, unalitia mfukoni. Akiwa tayari kutoka, anagonga kijiko kwenye kikombe ili asikufumanie. Mnakunywa, mnasengenya watu kidogo, mnaagana. Hakuna aliyeona kitu.

Sasa niambieni, Melba Quiceno alilelewa na nani?

Ofelia Grisales ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mjane, anachambua kahawa kwenye ghala la chama cha wakulima, mbovu huku, nzima huku, mchana kutwa kwenye kiti kisicho na mgongo. Hana makuu na mtu. Mlima ulipoporomoka ukaifunika nyumba ya mama yake, na mama mwenyewe akiwa ndani, kitu pekee kilichookotwa kwenye lile tope kilikuwa kopo la mafuta ya nguruwe lenye mmea wa maua, anturio, limebonyea, majani yamechanikachanika. Hakupata picha wala kitambaa cha kichwa. Hakupata hata kijiko.

Na hiyo anturio si hizi nyekundu za kila baraza. Ua lake ni damu ya mzee, pana kama kiganja, linang'aa lenyewe bila kuombwa. Ofelia aliilea kwa adabu. Hakuipa udongo mzito, maana unaozesha mizizi. Aliipa magome yaliyovunjwavunjwa, makaa na maganda makavu ya kahawa. Aliiweka barazani kwenye mwanga, lakini jua lenyewe lisiiguse. Aliinywesha maji ya mvua, tena baada ya kuchovya kidole na kuhakikisha ina kiu. Majani aliyafuta kwa kitambaa na maji matupu, moja moja.

"Shoga," nilimwambia siku moja, "marehemu mumeo hukumwosha hivyo."

"Mume wangu alikuwa na mikono yake," akanijibu.

Wala hakuwa mchoyo. Waliokuja na pongezi za kahawa aliwapisha, wakachomoa. Machipukizi yote yakafia kwao: huyu kayazamisha kwa maji, yule kayaanika juani kama nguo. Kwa hiyo anturio ya damu ya mzee ilibaki moja tu mji mzima, ile ya kwenye kopo.

Jumapili moja akaja Melba, mke wa mwenye duka la mbolea, na kapu mkononi. Akasifia kahawa. Ofelia akaingia jikoni, akakawia, akagonga kijiko, akatoka na vikombe viwili. Baraza tupu! Mgeni hayupo, kopo halipo, sakafuni pamebaki duara la kutu. Mtu unampa shubiri, anachukua pima! Kabeba mama na watoto, mizizi na kopo, kaondoka zake kama katoka sokoni.

Ofelia hakupiga kelele. Nilizipiga mimi, mpaka mbwa wa mtaa wakaniitikia.

"Twende polisi!"

"Nikawaambie nini? Wake zao wanaiba mimea kama sisi."

"Basi nenda ukamwambie akurudishie!"

Akanitazama kama mtu anayezungumza na mtoto. "Nikiiomba, Edilma, itakauka."

Haki ya Mungu, nilishika kichwa. Mtu kaibiwa mchana kweupe, na bado anaogopa kuvunja mwiko wa wizi! Lakini ningefanya nini? Alhamisi yake tukajitanda shali, tukaenda kwa Melba tukiwa wageni.

Alitupokea kwa uso mkavu. Anturio ilikuwa sebuleni, dirishani, jua la alasiri limeikodolea macho. Lile kopo kalitupa, kaiweka kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu chini. Majani yalikuwa yanameremeta, yananata, na kingo zimeanza kuwa kahawia.

"Umeyapaka nini?" nikauliza.

"Mayonezi. Yamependeza, eti? Wakwe wa mwanangu wanakuja Jumamosi, lazima wakute nyumba yenye hadhi."

"Mayonezi tunapaka mkate, mama! Unataka wakwe waile?"

"Edilma, wewe hukualikwa."

"Na hiyo anturio ilialikwa?"

Akacheka, tena bila haya. "Mmea wa kuiba ndio unaoshika. Nani asiyejua? Hata nyie mmeiba mara ngapi!"

Damu ikanichemka. Hii ndiyo hila yao watu wa aina hii, wanajificha nyuma ya desturi ileile waliyoikanyaga. Ofelia akaniwekea mkono gotini, akasema taratibu, "Kahawa ya nyumba hii haina mfano, Melba."

"Daktari amenikataza kahawa," Melba akajibu, akajikita kitini na kukunja mikono.

Loh! Tumekaa katikati ya vilima vya kahawa, mumewe anauza mbolea ya kahawa, mgeni ananyimwa kahawa! Hata kwenye matanga hatufanyiani hivyo. Tukakaa. Yeye hainuki, sisi hatuondoki. Jua likazidi kuyala majani.

Ofelia akasogea dirishani, akachovya kidole kwenye chungu. Ndani ilikuwa uji mtupu. Akanusa kidole, na hapo nikamwona sura ikimbadilika, kwa sababu ile ni harufu ya mizizi inayooza. Siku chache tena na kile alichoachiwa na mlima kingekuwa takataka ya Melba. Akafuta kidole kwenye shali, akageuka.

"Melba," akasema, "sikuja kukuomba mmea. Nakuomba kikombe cha kahawa."

Kwetu mgeni haombi kahawa. Akifika mahali pa kuiomba, mwenye nyumba ameumbuka. Melba uso ukamwiva. Akainuka, akaenda jikoni.

"Beba!" nikanong'ona. "Beba yote, nakushikia mlango!"

Ofelia akapiga magoti. Akapekua shinani, akayapita yaliyolegea, mpaka akapata chipukizi lenye mzizi mweupe, mgumu. Akalinyonga taratibu, likaachia. Akalifunga kwenye leso, akalitia kifuani. Kisha, nyie, akainamisha chungu, akayamwaga yale maji kwenye chombo cha maua ya plastiki, akakiburuta chungu mpaka pembeni kwenye kivuli, akaanza kufuta mayonezi kwa ncha ya shali yake.

"Una wazimu? Ni yako yote hiyo! Ni ya mama yako!"

"Nimeshachukua."

"Umechukua moja!"

"Mimi si mwizi, Edilma."

Jikoni kukasikika kijiko kikigonga kikombe. Kiligonga, kikagonga, kikaendelea kugonga, mpaka Ofelia alipomaliza jani la mwisho na kurudi kitini.

Melba akaingia na sinia. Akatazama dirishani, akaona patupu, akafumba macho kidogo kama mtu aliyelitarajia. Alipoyafumbua akaiona pale pembeni, kivulini, majani safi, bado ni yake.

"Usiirudishe juani," Ofelia akamwambia, akipokea chake. "Na wiki hii usiipe maji hata tone. Huenda ikapona."

Melba aliketi na sinia mapajani, akaanza kulia. Ofelia akanywa kahawa yake yote, bila haraka. Mimi yangu niliiacha ikapoa, na mpaka leo sijamsamehe yule Melba.