Ua la Aloo Lilivyoondoka na Msafara

Kila anayepita Mamboleo, Kisumu, ameiona nasari ya miche ya Aloo, lakini ukimuuliza kama amewahi kumwona Aloo mwenyewe, atajikuna kichwa. Miche imepangwa kando ya lami kama watoto wa shule asubuhi ya gwaride, na katikati ya majani yote hayo kuna mama mwembamba aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, mkebe wa kumwagilia maji miguuni pake. Wateja huteremsha kioo cha gari na kuuliza, "Avokado iko?" Iko. Wanaondoka. Siku nyingine huulizia mvule. Hakuna anayeuliza habari za nyumbani.

Chumba chake kilikuwa mtaa wa Migosi, cha mwisho kabisa upande wa choo. Mumewe alifariki zamani, kule Seme, na baada ya mazishi maneno ya shemeji zake yalizidi, akaja mjini akae kidogo mpaka mambo yatulie. Kidogo hicho ndicho kikawa maisha. Mtoto hakujaliwa. Majirani walijua kama yuko au hayuko kwa kuangalia kama ndala zake ziko mlangoni.

Lakini Aloo alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa inamea.

Siku za nyuma alikuwa akitunza bustani ya Mzee Manjit, Kalasinga mmoja mstaafu aliyependa maua kuliko chakula. Mzee huyo ndiye aliyemwonyesha kwamba ua si la kuangaliwa tu, lina baba na mama. Unaamka mapema kabla nyuki hawajafika. Unang'oa vile vijiti vya unga kwenye ua unalotaka liwe mama, lisijizalie lenyewe. Kisha unachukua unga wa ua la ndugu yake wa mbali, unaupaka taratibu kwa unyoya wa kuku, unalifunika kwa karatasi, unafunga uzi mwekundu, na kuanzia hapo kazi yako ni kungoja. Mzee Manjit alipohamia kwa watoto wake ng'ambo, Aloo alibaki na unyoya na hiyo kazi ya kungoja.

Mama wa ua lake alikuwa hibiskasi nyekundu, ile ya kawaida inayopandwa kuwa uzio wa nyumba kila mtaa Kisumu. Baba alikuwa hibiskasi ya Pwani, ile inayoning'inia kichwa chini kama taa, petali zake zimechanika-chanika utadhani panya walipita. Hebu fikiria: ndugu wawili wasiofanana hata kwa dawa! Mara nyingi hawakupatana. Matunda yalianguka yangali machanga, mengine yakaiva yakiwa matupu ndani. Hatimaye likaja tunda moja lenye mbegu chache, na kati ya mbegu hizo mche mmoja tu ndio uliokataa kufa. Nao ulikuwa na mizizi dhaifu. Aloo akaukata, akaupandikiza juu ya shina la hibiskasi nyekundu ili upate miguu ya kusimamia. Ukasimama.

Jina alikuwa nalo tayari, ingawa hakumwambia mtu. Kwao Waluo mtu akishakufa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa nyuma yake, na hivyo mtu huyo anaendelea kuitwa, kutumwa dukani, hata kukaripiwa. Na nani angemwita mtoto wake kwa jina la mjane wa Migosi? Basi ua hilo lingeitwa Aloo. Wangelinunua, wangelipanda, na siku moja mama fulani angemwambia mtoto, "Usimchume Aloo."

Tumba la kwanza lilipovimba na kuonyesha wekundu kwa ncha, Aloo alifanya jambo ambalo hakuwahi kufanya. Aliutoa mche nyuma ya kibanda, alikokuwa akiuficha, akauweka mstari wa mbele kabisa, kando ya barabara. Alitaka mtu mmoja tu asimame aulize, "Mama, hii ni nini?"

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Alikwenda nyuma kuchota maji kwenye bomba, na huko ndiko alikosikia honi. Honi nyingi, za pikipiki, pamoja na filimbi na vilio. Kila mtu Kisumu anaijua sauti hiyo: maiti inatoka mochari kwenda nyumbani. Alisimama na ndoo yake mpaka kelele zikapita, kama ilivyo heshima.

Aliporudi mbele, alikuta mifuko imepinduka na udongo umemwagika. Wenye msafara wa msiba hupamba magari na pikipiki kwa matawi mabichi, na matawi huvunjwa popote yalipo, kwenye uzio wa mtu au mti wa serikali, wala hakuna anayegombana na waombolezaji. Walikuwa wamevunja sipresi yake moja. Na mche wake ulikuwa umebaki kisiki cha urefu wa kidole, umekatika palepale kwenye kiungo cha kupandikizia.

Mtu mwingine angesema kisiki kitachipua. Kingechipua kweli, lakini hibiskasi nyekundu ya kawaida, kwa maana chini ya kiungo hapakuwa na kitu kingine. Ua lake lote, duniani kote, lilikuwa tawi moja lililofungwa kwenye pikipiki ya mtu asiyemjua.

Alikimbia hadi steji ya pikipiki. Pikipiki zote zilikuwa zimeondoka isipokuwa moja, na mwenyewe, Byron, alikuwa akijaza gurudumu upepo huku akitukana.

"Huo msafara unaenda wapi?"

"Awasi, mathe. Tunazika Sydney wetu kesho. Leo napeleka heshima, na hii tairi inaniletea madharau."

"Nipeleke."

Byron alimtazama: gambuti zenye tope, kisu kidogo cha kupandikizia mkononi. "Mathe, na kisu unaenda msibani?"

"Wamebeba mti wangu."

"Mti?" Akacheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Panda. Lakini kisu weka mfukoni, yawa, watu watasema nimeleta muuaji."

Njia nzima Aloo aliangalia kandokando, maana matawi huanguka. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Tawi lililovunjwa halina subira. Likikaa saa kadhaa kwenye upepo na joto, ganda linajikunja, na hapo hata Mungu hapandikizi. Kila tawi lililolala barabarani lilimfanya ashike bega la Byron. Sipresi. Mwarubaini. Sipresi tena.

"Sasa huo mti unazaa nini?" Byron alipiga kelele juu ya upepo.

"Ua."

"Ua tu?"

"Ua tu."

"Sawa. Mimi pia nilikuwa na demu wa hivyo."

Walipofika, nyumbani kwa marehemu palijaa pikipiki kama soko. Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya hema, na watu wakiingia kwa kilio. Aloo hakuwa ameingia msibani tangu ule wa mumewe. Alisimama langoni. Mzee mmoja wa kupokea wageni akamshika mkono.

"Karibu, mama. Wewe ni nani wa marehemu?"

Aloo alinyoosha shingo kutazama matawi kwenye pikipiki. Yule mzee akadhani ni uchungu, akamwachia njia.

Hapo ndipo alipoliona. Lilikuwa juu ya kioo cha jeneza. Tumba lilikuwa limefunguka njiani, mtu akalichuma na kuliweka hapo. Petali zake zilikuwa nyekundu ya jioni, zimechanika pembeni tu, kama leso iliyofumuka nyuzi, na halikuning'inia wala halikusimama, liliinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Miaka yote ile alikuwa akilikisia. Hakulikisia hivyo. Machozi yakamtoka, na mama mmoja aliyeketi chini kando ya jeneza akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Mos," Aloo akasema. Pole.

"Mos ahinya. Mimi ndiye Dorca, mama yake." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. "Hili ua limetoka wapi? Tangu walete nimekuwa nikiliangalia. Linaitwaje?"

Swali lilikuwa limekuja. Alilingoja kando ya barabara, akaja kulikuta hapa.

"Halijaitwa bado," Aloo akajibu polepole. "Ni langu, mama. Lilivunjwa kwa nasari yangu. Ndio kwanza litoe ua. Hakuna lingine. Nikipata tawi lake naweza kuliokoa."

Dorca alijifuta macho kwa leso. Kisha akainua kichwa na kuwaita wale vijana wa pikipiki kwa sauti ambayo hakuna aliyejua bado anayo: "Nani alivunja mti wa huyu mama? Leteni!"

Tawi lilikuwa limefungwa juu ya taa ya pikipiki, karibu na injini. Majani yalikuwa yamelegea. Aloo alilikata vijiti vinne, akavifunga kwa kitambaa alichokilowesha kwenye mtungi wa wageni.

"Kimoja niachie," Dorca akasema. "Nitakichomeka pale atakapolala."

Aloo alijua kwamba kwa mizizi yake yenyewe ua lile haliwezi kitu. Kumwachia ni kukitupa. Alimpa kijiti chembamba kuliko vyote, akaaga, na hakukaa hata kunywa chai. Alikuwa na haraka ya kuvifikisha vile vingine kwenye mashina yake.

Migosi, alivipandikiza vijiti vitatu juu ya mashina mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akavifunika kwa karatasi ya nailoni. Aliviamkia kabla ya kunawa uso. Kimoja kikawa cheusi, kisha cha pili. Cha tatu kilibaki kijani siku nyingi, akaanza kuimba kidogo akiwa peke yake, mpaka alipokigusa kikamwangukia mkononi. Hakulia. Alikwenda nasari, akakaa juu ya ndoo yake, mtu akateremsha kioo, "Avokado iko?" Akajibu iko.

Namba ya Dorca hakuwa nayo. Hakuwa na mazoea ya kuomba namba za watu. Mvua ziliponyesha na kukatika, alifunga nasari siku ya kazi, akachukua mkebe wake wa maji, na kwenda Awasi bila kualikwa.

Nyumba ilikuwa kimya. Kaburi lilikuwa bado ni udongo mweusi uliovimba, na upande wa kichwa palizungushiwa miiba. Ndani ya miiba, kijiti chembamba kilikuwa na majani matano na chipukizi.

"Nani huyo kwa kaburi?" Dorca alitoka jikoni akifuta macho kwa sababu ya moshi.

"Ni mimi, mama. Mwenye ua."

"Aa! Nilijua utakuja." Akasimama kando yake. "Mbuzi walilitaka, nikaleta miiba. Kila asubuhi nikimaliza kunawa namwagia. Unajua hapa siku hizi hakuna wa kuongea naye. Basi naongea na huyu. Naliita Sydney."

Aloo aliweka mkebe chini. Kisu kilikuwa mfukoni. Aliinama, akashika lile chipukizi kwa vidole viwili, akalipima kama anavyopima mama uji wa mtoto.

"Kata basi," Dorca akasema. "Si ndicho ulichokujia?"

"Bado. Nikikata sasa, tutakosa sote." Alinyoosha mgongo. "Nitarudi likishakomaa." Kisha akaongeza, akiangalia kwingine: "Sydney ni jina zuri."

Walikunywa chai. Jua lilipoanza kushuka aliaga, akashika njia ya barabarani kati ya mahindi. Alikuwa ameshafika mbali.

"Wewe! Mwenye ua!" Sauti ya Dorca ilimfuata. "Kwani unaitwa nani?"

"Aloo!"

Kisha, kwa nguvu zote, juu ya mahindi: "Aloo! Umesahau mkebe wako! Aloo!"

Hakukumbuka mara ya mwisho jina lake kupigiwa kelele shambani. Alimwacha aite mara ya tatu ndipo akageuka.