Watoto Wasiolia wa Bi Zuhura

Harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakichacha hunitia kichefuchefu hadi leo. Watu wa kwetu huipenda. Msimu wa korosho ukiingia utawasikia wakisema sasa Lindi imenukia. Mimi huziba pua kwa upindo wa khanga nikapita. Mwaka ule, enzi za Mwingereza, tuliishi katika kambi ya shamba la mkonge nyuma ya mji wa Lindi. Baba alikata mkonge, na mama alianika singa, zile nyuzi zinazotoka mashineni zikiwa bado zinachuruzika maji. Tulikuwa tumetoka Likawage, ambako mama alikuwa na mama yake na dada zake wa kumpokea mtoto wakati wowote. Kambini hatukuwa na mtu. Kulikuwa na vyumba vilivyopangwa mstari, inzi, mfereji wa maji ya mkonge yaliyooza, na majirani waliokuja kutoka kila upande wa nchi, kila mmoja akihangaika na lake.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa bado anatambaa. Siku ya kwanza ya kazi mama alikwenda naye mgongoni, na nyapara akamrudisha hapo hapo. Alisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni hainami vizuri, na singa zikigusa chini zinachafuka. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto, na mkewe alishinda nyumbani akiwatazama. Sisi posho ya baba peke yake haikutufikisha popote. Mimi nilikuwa nimeandikishwa shule, na baba hakutaka hata kusikia habari ya kunitoa. Basi Hamisi akapelekwa kwa Bi Zuhura, kama watoto wengine wa kambi.

Bi Zuhura alikuwa kikongwe, bibi wa kijana mmoja mkata mkonge, aliyemleta kambini kwa sababu kwao hakubaki mtu wa kumtunza. Miguu yake ilikuwa imevimba, na bila kushika ukuta hakuweza kusimama. Shamba halikumtambua mtu asiyefanya kazi, kwa hiyo posho hakuwa nayo. Alikula unga aliopimiwa na kina mama, kila mmoja konzi yake, ili awatazamie watoto. Yaani mzee asiyeweza kujitekea maji akakabidhiwa chumba kizima cha wachanga, na watu wazima wenye akili zao wakaona jambo limekwisha. Tena walimsifu! "Watoto wa Bi Zuhura hawalii," walisema pale bombani, na hata nyapara alilirudia neno hilo kama sifa ya shamba. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawalii.

Nilikuwa nikimchukua Hamisi mchana nikitoka shule, na kila siku nilimkuta amelala. Siku moja nilimwinua, kichwa chake kikaanguka nyuma kama hakina shingo. Nilimwita, hakufumbua macho. Mdomo wake ulinuka. Wenzake walikuwa wamelala chali mkekani, wamejilowesha, inzi wakitembea midomoni mwao, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Kando ya mlango, juani, palikuwa na mtungi unaotoa povu.

"Bibi, umempa nini?"

"Maji ya mabibo tu, mjukuu wangu. Nimeyakamua asubuhi, matamu."

Kila mtu wa kusini anajua kwamba maji ya mabibo asubuhi ni kinywaji cha watoto, lakini yakishinda juani yamekwisha kuwa pombe, uraka, na uraka humwangusha mwanamume. Bi Zuhura alikuwa mtu wa swala tano, na nina hakika hakuwahi kuuonja. Nilitamani kuamini kwamba hakujua. Lakini nilipoutazama ule mtungi, aligeuzia uso ukutani.

Nilimfunga Hamisi mgongoni nikakimbia hadi uwanja wa kuanika. Mama alitupa singa chini. Nyapara alikuja akinyanyua fimbo yake. "Mama Somoe, ukitoka kabla ya kumaliza kazi, kipande chako cha leo hakiandikwi, na siku yako haina malipo."

"Mnuse mwanangu," mama akamwambia, "kisha urudie maneno hayo."

Aliinama, akanusa, akacheka. "Amelala tu huyu. Wote hulala hivi, nanyi mnapata kufanya kazi." Alijua tangu mwanzo. Nikawatazama wale wanawake, ambao watoto wao walikuwa kwenye mkeka ule ule. Waliinamia singa zao, na hata mmoja hakuinua macho. Nimeona mambo mengi machafu maishani, lakini ukimya ule unanichukiza kuliko povu la mtungi.

Mama aliondoka, kipande kisiandikwe. Jioni Hamisi alitapika, akatapika tena, kisha akalia hadi majirani wakanung'unika, na mama akalia naye kwa furaha. Nilidhani asubuhi ule mtungi utavunjwa. Asubuhi kina mama walipita na watoto wao migongoni, na konzi zao za unga, wakielekea kule kule. Sisi tulipata njia nyingine: baba alinitoa shule. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anafunga kamba ya panga lake. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikiwa nimekwisha zaa.

Sasa Hamisi ni mzee mwenye mvi, na kwenye kila arusi huwahutubia vijana kwamba zamani mtoto alikuwa wa wote, majirani walilea, hakuna aliyehangaika. Vijana hutikisa vichwa, nami nyongo hunipanda. Mjukuu wangu anafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Lindi, na mwanawe hushinda kwa mama mmoja mtaani, watoto tele chumba kimoja. Anajiona amebahatika. "Bibi, kule watoto wametulia kweli, hawalii," huniambia. Jioni akiniletea mtoto, kitu cha kwanza ni kumkumbatia na kuweka pua yangu mdomoni pake. Mjukuu wangu hucheka, husema bibi kwa kubusu hajambo.

Juzi mdomo ule ulinuka dawa ya kikohozi. Mtoto hana kikohozi.