Daftari la Zamu Lilivyokwenda Songea

Sikuwa na nia ya kusafiri mwezi ule. Mahindi yalikuwa kichanjani yakisubiri kupukuchuliwa, na magoti yangu hayapatani na baridi ya Julai. Lakini Jumapili baada ya ibada alinipigia simu mjukuu wangu Odilia. Anasoma kompyuta chuo kikuu, na mwaka wa kwanza somo la kuandika programu lilimshinda. Aliruhusiwa kurudia mtihani mara moja tu. Akishindwa tena, chuo ndiyo basi. Kwa hiyo likizo ndefu hakuja kijijini. Alijiunga na kozi ya wanafunzi wa vyuo vikuu mjini Songea, akakaa Msamala kwa dada yangu Skolastika.

Alisema mwalimu wao anataka kila mwanafunzi achukue kazi ya mtu wa nyumbani, aiandikie programu, na mwenye kazi aje aulizwe. Yeye amechagua yangu.

"Babu, njoo na daftari la zamu," alisema.

Mimi ni katekista, na jumuiya yetu ndogo nimeiongoza miaka mingi. Kila Jumamosi tunasali nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, kwa zamu, na zamu hizo huzipanga mimi. Nilijiuliza kompyuta itafanya nini na kazi ninayoimaliza kwa kalamu nikiwa nakunywa uji. Hata hivyo, mtoto aliyeitwa na shida haachwi peke yake.

Jumatatu alfajiri nilisali, nikalifunga daftari kwenye mfuko wa plastiki, nikapata lifti ya gari la mahindi hadi Namtumbo. Hapo nikapanda basi. Zamani, masika, njia hii ilikuwa ya kusukuma magari kwenye tope. Siku hizi ni lami, na nilikuwa sijamaliza rozari ya pili nilipoona nyumba za Songea. Nikamshukuru Mungu kwa waliovunja mawe.

Msamala, saa tano, dada yangu alinipokea kwa maneno yake.

"Kaka, tulipokualika Pasaka magoti yalikuwa yanauma. Leo kaita mkeo, yamepona?"

Odilia akacheka, akaniamkia.

"Marahaba, mke wangu," nikamjibu. "Mbona umekonda?"

"Hali," Skolastika akamjibia. "Ugali anauangalia tu."

Mchana ule, kwa dagaa wa Nyasa, nilimsimamia mpaka akamaliza sahani.

Jumanne asubuhi tulikwenda darasani. Mwalimu wao, Zuhura, ni mwenyeji wa Tanga, Mwislamu mcha Mungu, na aliniamkia kwa heshima kubwa. Alinieleza kwamba kompyuta haijui yale tunayoyajua bila kusema, hivyo nimweleze mjukuu wangu kila hatua. Tukakaa, Odilia akiuliza, mimi nikijibu. Nyumba zinafuatana kutoka kisimani hadi shuleni. Mvua ikinyesha, tunasali kanisani. Nyumba yenye msiba tunakwenda kusali kama desturi, lakini zamu ya kutupokea tunaipumzisha.

"Inarudi lini kwenye zamu?" Odilia aliuliza.

"Watakaposema wako tayari. Mfiwa hasukumwi."

"Na wasiposema?"

Nikanyamaza. Akaninong'oneza, "Babu, ukinyamaza sina cha kuandika."

Akaanza kuingiza majina yaliyomo daftarini pamoja na siku tulizosali kila nyumba. Alipomaliza, mashine ilizipanga nyumba kuanzia iliyongoja zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya Kresensia, mjane. Mumewe alifariki, tukamzika, tukampumzisha mama wa watu zamu. Pasaka tatu zilikuwa zimepita. Sisi tulisubiri aseme. Yeye, nadhani, alisubiri aulizwe. Na kila mara tulipokwenda nyumba za upande wa shuleni tulipita mlangoni kwake.

Nimefundisha habari za wajane na yatima tangu ujana wangu. Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mwalimu Zuhura alisogea, akasema taratibu, "Mzee, hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huanguka. Wanaandika habari ya anayejibu. Anayenyamaza wanamsahau."

Odilia aligeuka kutoka kwenye kompyuta. "Hata mimi," alisema. "Kwenye mtihani ule nilifanya hivyo hivyo." Kisha akaandika kanuni mpya: zikipita siku arobaini, kiongozi aende mwenyewe akaulize.

Ijumaa alisimama mbele ya wenzake akaieleza kazi yake. Mwalimu alimbana kwa maswali: nyumba mbili zikiwa na msiba pamoja, itakuwaje? Zikiwa na msiba zote? Mtoto aliyajibu yote kwa sauti thabiti. Mwishoni mwalimu aliniambia yuko tayari kwa mtihani wake.

Jumamosi nilirudi. Niliposhuka sikwenda kwangu. Nilibisha kwa Kresensia, nikamwomba msamaha, nikamuuliza kama Jumamosi inayofuata atatupokea. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Katekista," alisema, "mlikuwa mkipita hapo mnaimba, na mimi nawaitikia humu ndani. Karibuni."

Jumamosi hiyo ilipofika, alikuwa amekwishapanga mabenchi kabla hatujafika.

Mwezi Septemba Odilia alirudia mtihani, akafaulu. Nilipotangaza habari hiyo kwenye jumuiya, Kresensia alitaka misa ya shukrani ikiombwa, chai inywewe kwake. Nikafungua daftari nikamwambia zamu ni ya nyumba ya kisimani.

"Mwambie mjukuu wako airekebishe mashine yake," akasema. "Mimi safari hii sisubiri kuulizwa."

Nimejifunza uzeeni kwamba utaratibu mzuri unaweza kumsahau mtu, nasi kusahau huko tukakuita heshima. Chai tulikunywa kwa Kresensia.