Kuku wa Matinyani na Kuku wa Kyuso

Siku niliyoripoti kazini katika kituo cha wanyamapori cha Kitui, sikupata hata nafasi ya kuweka sanduku langu chini. Sajini wa kikosi cha wanyama wasumbufu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alitazama viatu vyangu, akaniambia nipande gari. Tulikuwa tunaenda Matinyani. Kulikuwa na mnyama anayemaliza kuku wa mama mmoja huko, na mama huyo alikuwa amefika ofisini mara nyingi hadi mkuu wa kituo akawa anamtambua kwa kikohozi.

Nyuma ya gari kulikuwa na mtego. Nyinyi vijana mkisikia mtego mnafikiria kitanzi cha waya. Wetu ulikuwa kizimba cha vyuma chenye mlango wa kudondoka. Ndani kuna kibao. Mnyama akifuata chambo hukikanyaga, kibao huvuta waya, na mlango hushuka nyuma yake. Sajini alinionyesha jinsi ya kufunika kibao kwa mchanga ili mguu usihisi chuma, na jinsi ya kutupia gunia juu ya kizimba mara mnyama anaponaswa, kwa sababu akiwa gizani hutulia na havunji meno kwenye vyuma.

Tuliporudi kesho yake tulimkuta mondo. Watu wengi humwita mtoto wa chui kwa sababu ya madoa, lakini mondo ni paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, na chakula chake hasa ni panya. Majirani walijaa, yule mama akatushika mikono na kutuombea. Tukampeleka mnyama kaskazini, tukapita Kyuso, tukamfungulia kwenye vichaka ambako Sajini alisema hakuna watu. Aliruka mara moja akapotea. Nilirudi nimejaa furaha. Niliona nimepata kazi ya maana.

Kazi hiyo tuliiita kuhamisha, na niliifanya miaka mingi bila kuiuliza swali.

Kisha nikapelekwa Makueni, chini ya mkuu wa kituo aliyekuwa amesomea wanyama na aliyetaka kila askari ajue kusoma dalili. "Usiniambie kuku ameliwa," alikuwa akisema. "Niambie ameliwa vipi." Kwake nilijifunza kwamba mondo humbeba kuku mmoja na kuacha manyoya kichakani. Kanu, yule mwembamba mwenye mkia wa pete, hupenya tundu dogo na kuuma shingo. Nguchiro anataka mayai na vifaranga. Nyegere huchimba chini ya ukuta, na akishaingia anaweza kuua banda zima. Unyayo wa paka hauachi alama ya kucha. Wa nyegere unaacha kucha ndefu kama za jembe la uma.

Huko Makueni pia nilisaidia kumwondoa chui aliyezoea kulala katika zizi la mbuzi karibu na shule. Daktari wa wanyama alimpiga sindano ya usingizi, nami nikawa miongoni mwa waliombeba. Sijutii kazi ile hata leo. Chui akishazoea boma, atakayefuata baada ya mbuzi ni mtoto.

Lakini kwa wala kuku nilianza kuona jambo. Tulikuwa tunaitwa maboma yale yale. Tunamtoa kanu, watu wanashangilia, na kabla ya msimu kuisha kanu mwingine ameingia kwa tundu lile lile, maana hakuna aliyeliziba. Penye chakula hapakai patupu.

Nilipopandishwa cheo kuwa koplo nilipewa kituo kidogo cha Kyuso. Sikukaa sana kabla ya Bi Halima kuja ofisini. Alikuwa na duka la sukari na mafuta ya taa pale sokoni, mama wa makamo ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza habari za nyumbani na za mvua, kisha akasema kuku wake wanaisha, wanaliwa na mondo, na mondo huyo ameletwa na sisi.

Nilimuuliza amejuaje. Akaeleza kwamba hivi karibuni dereva wetu kutoka Kitui alisimama dukani kwake kununua maji. Yeye alimwona mnyama chini ya gunia, akauliza ametoka wapi, akaambiwa Matinyani. Baadaye wachungaji wa ngamia walimwonyesha alipofunguliwa, mwendo mfupi tu kutoka nyumba za mwisho za mji.

"Afande," akasema, "kuku wa Matinyani ni kuku. Wangu ni nini?"

Siku iliyofuata nilikwenda kwake na askari wangu wawili. Tulibomoa banda lake la mabati yaliyooza na kulijenga upya: mawe chini, waya umezikwa ardhini ili mchimbaji akutane nao, mlango wa mbao unaofunga sawasawa, na miiba ya mgunga pembeni. Vifaranga tukawatengea tenga kubwa la kushindia mchana. Tulifyeka kichaka kilichokuwa kimegusa ukuta, maana mondo hapendi kuvuka mahali peupe. Bi Halima naye alijifunza kuwafungia kuku kabla jua halijazama. Mondo alizunguka banda hilo, nyayo tuliziona, kisha akaacha.

Nikasafiri hadi Kitui kumwambia mkuu wa kituo kwamba tuache kuwahamisha wala kuku. Alikuwa mtu mwenye subira. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kalunde," akaniambia, "wewe unafikiri mtego ni wa mnyama. Mtego ni wa watu. Siku wasipoona gari letu limebeba kitu, watatumia sumu."

Alisema kweli, na sikuchelewa kuiona kweli hiyo. Upande wa Migwani, mtu mmoja alipaka mzoga wa kuku dawa ya kuogeshea ng'ombe akautupa kando ya korongo. Nilifika nikakuta mondo amekauka, tai wamelala mabawa wazi, na mbwa wa Mama Mwende akitetemeka mlangoni. Mbwa huyo alikufa tukimtazama. Mama Mwende, mjane aliyeishi kwa kuku wake na shamba la ndengu, alisema tu kwamba wajukuu wake hucheza pale pale korongoni. Niliosha mikono yangu mara kadhaa siku ile, na nilipokuwa nikiosha niliamua. Sumu sitaikubali, na mtego sitautega tena kwa ajili ya kuku.

Chifu wa huko akaita baraza. Mkuu wa kituo alinituma niende na mtego, nami nikautia garini, kwa sababu amri ni amri. Nilipita kwa Bi Halima nikamwomba twende pamoja, akafunga duka akaja.

Watu walikuwa na hasira. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama serikali inampenda paka kuliko Mkristo. Niliwaeleza nilichokiona: tukimtoa huyu atakuja mwingine, na huyu tutakuwa tumempeleka kwa mtu mwingine. Walinung'unika. Ndipo Bi Halima akasimama, akajitambulisha, na kuwaambia kwamba mtu mwingine huyo ni yeye. Aliwasimulia mambo ya kuku wake bila kumlaumu yeyote, akakaa.

Niliwaahidi kwamba nitaanza kujenga siku hiyo hiyo, na kuku akitolewa ndani ya banda lililofungwa, nitautega mtego kwa mikono yangu. Mama Mwende ndiye aliyejibu.

"Sawa, mwanangu. Lakini huo mtego uache kwangu niuone."

Basi tukaushusha uani kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa waya ubaki wazi ili usinase kitu, tukaanza kubeba mawe. Majirani walitazama kwanza. Kisha yule mzee wa kanisa akavua koti.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Kuku mmoja wa Mama Mwende alizoea kulala juu ya mti na mondo akamchukua. Nilikwenda nikiwa tayari kutimiza ahadi, lakini mwenyewe aliniambia huyo alikuwa nje, hahesabiwi. Wengine walijenga vibaya, nyegere akawaonyesha pa kurekebisha. Wengine hawakujenga kabisa na mpaka leo wananilaumu. Mkuu wa kituo alipokuja kuudai mtego wake, alikuta tetea anaatamia mayai ndani yake, na Mama Mwende akamwomba asubiri vifaranga watoke. Alisubiri. Baada ya hapo, akipigiwa simu ya kuku, alikuwa anatuma kwanza askari wa kukagua banda, na gari likafuata kwa nadra.

Sasa nimestaafu, naishi Matinyani na kuku wangu mwenyewe. Bado naulizwa kama ninapenda wanyama kuliko watu. Nilivaa sare kwa ajili ya wote wawili, na sioni haja ya kuomba radhi kwa yeyote. Anayekuja kunishawishi ajue kwamba chui wa zizini nitampigia simu daktari leo hii. Kwa mla kuku, sibadiliki.

Majuzi jirani yangu Mutua, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kunionyesha nguchiro aliyemnasa kwenye sanduku la mbao. Alikuwa ameazima pikipiki. Aliniuliza ampeleke wapi.

"Taja boma," nikamwambia. "Jina la mwenye boma utakayempelekea."

Alifikiria. Alitaja bonde fulani, kisha akakumbuka shangazi yake anaishi ng'ambo yake. Alitaja njia ya Kyuso, nikamwambia huko namjua mtu. Aligonga sanduku kwa kidole, na nguchiro ndani naye akawa anakwaruza. Kisha akaliinamisha kuelekea kichakani, akafungua kifuniko, akaniuliza kama nina koleo la kumwazima, akajenge banda lake upya.